Muvi ndizo zilizouza vitabu vyangu Mwanjelwa

"Mtu akishaangalia muvi, kitabu cha nini tena?" Maneno haya nimeambiwa tangu siku ya kwanza nilipotandika vitabu vya mitumba Mwanjelwa, hapa Mbeya. Wa mwisho kuniambia alikuwa mwalimu wangu wa sekondari, mtu ninayemheshimu sana. Alinishauri niachane na hadithi za majini na vyombo vya angani, niuze madaftari na vitabu vya kiada. Niliumia, maana nilikuwa naona kinyume chake mezani kwangu kila siku.

Jirani yangu ni kijana anayewarushia watu muvi kwenye flashi. Huyo ndiye dira yangu. Kila Jumatatu namuuliza, "Dogo, wiki hii wanachukua nini?" Akinijibu, najua kipi nikiweke mbele. Dune ni kitabu cha 1965, na Frank Herbert aliyekiandika alifariki 1986. Miaka yote hiyo hakuna mtu Mbeya aliyewahi kuniulizia. Muvi ya Denis Villeneuve ilipotoka 2021, nakala zangu tatu ziliondoka ndani ya siku nne, zote kwa wanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha hapa Mbeya. Na ujue wateja huanza kuulizia hata kabla, trela inapoanza kuzunguka kwenye simu. Ukisubiri hadi mtaa mzima umeshaangalia, umechelewa. Wachapishaji wa nje wanalijua hilo, ndiyo maana hutoa toleo jipya lenye sura za waigizaji kwenye jalada.

Baada ya hizo tatu nikaingia tamaa. Nikamtumia hela mfanyabiashara mmoja Dar, kama laki moja na kitu pamoja na gharama ya basi, aniletee Dune zote atakazopata. Boksi likafika usiku, limefungwa kwenye kiroba, mvua inanyesha, na baridi yetu mnaijua. Asubuhi nikalifungua: Dune Messiah, nakala 11! Na Children of Dune mbili. Hivyo ni cha pili na cha tatu katika mfululizo; cha kwanza, Dune yenyewe, hakuna hata kimoja. Nilipompigia akasema, "Si umesema Dune? Hizo zote Dune."

Nilizipanga hivyo hivyo. Mteja anachukua, anafungua, anakuta miaka 12 imepita na Paul, shujaa wa hadithi, ni mfalme wa sayari chungu nzima, wakati muvi aliyoiona ilimwacha Paul jangwani, ndiyo kwanza amemuua Jamis, mtu aliyepigana naye. Anakirudisha. Mwingine alinilalamikia kwamba nimemharibia utamu. Alikuwa na haki. Nikazirudisha kwenye boksi, nikaziweka chini ya meza.

Lakini malalamiko yake ndiyo yaliyonifungua macho. Muvi ile ilikuwa imefika katikati tu ya kitabu. Kumbe watu hawanunui ili wasome walichokwisha kuona, wanataka kujua kilichofuata! Nilipopata nakala nyingine mbili za Dune yenyewe, nilikaa nayo usiku mzima nikatafuta mahali Paul anapopigana na Jamis. Nikakata kipande cha karatasi ya daftari, nikakichomeka hapo, kichwa chake kimetokeza nje ya kitabu, nimeandika kwa kalamu nyekundu: MUVI IMEISHIA HAPA. Mteja anaona karatasi ile kabla hajaona jina la kitabu. Anafungua hapo hapo, anasoma nusu ukurasa amesimama, anauliza bei. Elfu saba, nane hivi, kutegemea hali ya jalada.

Tangu hapo kila kitabu chenye muvi kina karatasi yake, ila lazima usome mwenyewe, usikisie. Kwa The Lord of the Rings, kifo cha mpiganaji Boromir kimo karibu na mwisho wa muvi ya kwanza ya 2001, lakini kwenye vitabu kipo mwanzoni mwa kitabu cha pili. Ukichomeka mwishoni mwa cha kwanza umemdanganya mteja.

Kuna muvi zisizo na riwaya. Wakanda Forever ilipotoka 2022, vijana walinijaa: "Kaka, kitabu cha Wakanda unacho?" Wakanda ni nchi ya kubuni iliyotoka kwenye vitabu vya katuni vya Marvel, 1966, na mimi sina. Badala ya kusema sina nikawapa Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951. Nikawaambia, hii nayo ni nchi isiyo kwenye ramani, inaelea hewani, na Karama anashitakiwa kwa kufundisha watu sheria. Binti mmoja wa Uyole alirudi baada ya wiki, akamnunulia na kaka yake nakala. Siku ile nilifurahi kuliko siku yoyote ya mauzo.

Sasa lile boksi. Machi 2024 ikatoka sehemu ya pili ya Dune, na Paul akatwaa kiti cha ufalme, pale pale kitabu cha kwanza kinapoishia. Kesho yake baada ya dogo kuipata nikatoa zile nakala 11, nikazifuta vumbi, nikachomeka karatasi kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa kila moja: MUVI IMEISHIA HAPA. Ya mwisho ilichukuliwa na dereva wa bajaji, Juni, mvuke unamtoka mdomoni. Alirudi baada ya wiki tatu kuulizia kinachofuata. Children of Dune zile mbili zilikuwa bado zipo, nikampa moja.