Nilivyoinyamazisha taa ya kaboni ya projekta

Nianze na kilichonikera. Kila fundi niliyemwuliza kwa nini taa yangu inafoka kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, alinipa jibu lile lile: "Ongeza ampea, kaka, halafu zisogeze kaboni zikaribiane." Yote mawili ni kinyume cha dawa, na yote mawili niliyafanya wiki nzima kwa utiifu mkubwa.

Taa ni ya projekta ya zamani ya filamu za milimita 35, boksi la bati lenye kioo cha kuakisi kilichobonyea nyuma, niliyoiokota kwenye chuma chakavu hapa Ngamiani, Tanga, nikalipa kwa kilo. Ndani yake umeme unaruka kati ya ncha za vijiti viwili vya kaboni, kimoja chanya na kimoja hasi, na huo moto unaoruka ndio tao. Kaboni za sinema sikuzipata, nikatumia vijiti vyenye ganda la shaba ambavyo wachomeleaji huchimbulia weldi mbovu. Hilo ganda ling'oe kwa tupa na msasa, angalau sehemu ya mbele itakayoungua. Ukiliacha, shaba inayeyuka na kurukia kioo, na kioo hicho hupati kingine.

Umeme nilitoa kwenye mashine ya kuchomelea ya DC (umeme wa mwelekeo mmoja) ya kizamani, ile nzito ya transfoma na daiodi. Inveta ndogo nilijaribu, ikawa inakata kila kaboni zikiachana, kwa sababu tao la umeme la kaboni linataka volti 50 na zaidi wakati welding ya kawaida inatosheka na 20 mpaka 30. Kwa sababu hiyo hiyo usiamini namba zilizoandikwa kwenye mashine: yangu nikiiweka 80, klampumita, kile kipimo cha ampea kinachobana waya, inasoma 29. Chanya iende kwenye kaboni inayotazama kioo. Kama hujui umepatia, washa nusu dakika, zima, tazama kwa kioo cheusi cha kuchomelea: ile inayobaki nyekundu muda mrefu na yenye kishimo mbele ndiyo chanya.

Sasa kosa langu. Nilijua taa za namna hii zilikuwa zikila ampea 60 hivi kwa kaboni chanya ya milimita 8, basi nikaweka milimita 8 na ampea 60. Tao lilivuma kwanza, kama nyuki ndani ya mzinga, kisha ghafla likaanza kufoka. Mwanga ukawa unacheza, ukingo wa kaboni ukapata rangi ya kijanikijani, na mita ya volti ikadondoka kutoka 48 hadi 38 kwa mpigo mmoja. Nikaongeza ampea, kelele ikazidi. Nikasogeza kaboni zikaribiane, hasi ikaota uyoga mweusi kwenye ncha na kuziba mwanga wote.

Jibu la kelele hii lina zaidi ya miaka 120. Mwaka 1899 mtafiti Hertha Ayrton aliieleza mbele ya wahandisi wa umeme Uingereza. Kwenye tao la kaboni, mwanga mwingi, kama asilimia 85, hautoki kwenye ule moto wa katikati. Unatoka kwenye kishimo cha kaboni chanya, yaani anodi, ambako elektroni zinapigia na kaboni inageuka mvuke. Maadamu kishimo kinaenea kwenye uso wa kaboni, mvuke huo unakilinda na hewa. Ukizidisha mkondo, kishimo kinataka eneo kubwa kuliko uso uliopo, kinamwagika ukingoni na kupanda ubavuni. Hapo oksijeni inakifikia na kaboni inaanza kuungua kwa nguvu. Tao haliketi tena mahali pamoja, linarukaruka juu ya anodi, volti zinashuka kama 10, na sikio linasikia ule mfoko. Ayrton alilifungia tao ndani ya chombo kisichoingiza hewa, likanyamaza hata kwa mkondo mkubwa. Akiingiza hewa, kelele inarudi.

Sasa mbona kaboni za zamani za milimita 8 zilibeba ampea 60? Kwa sababu zile hazikuwa kaboni tupu. Heinrich Beck wa Ujerumani alizitia katikati kiini chenye chumvi za seriamu, aina ya metali. Kiini hicho huchimbika haraka, mvuke wake unajaa kwenye kishimo kirefu na kutoka kwa kasi kama mkia wa moto. Kijiti cha kuchimbulia weldi hakina kitu hicho. Nilikuwa nabebesha punda mzigo wa lori.

Piga hesabu ya eneo. Uso wa kijiti cha milimita 8 ni kama nusu sentimita ya mraba, kwa hiyo ampea 60 ni kama 120 kwa kila sentimita ya mraba. Nikabadilisha chanya kuwa milimita 13, hasi nikaiacha 8, mkondo nikashusha hadi ampea 28 au 30. Hiyo ni chini ya 25 kwa sentimita ya mraba. Mwanya kati ya kaboni nikaufungua mpaka milimita 6, volti zikakaa 53 mpaka 55. Mfoko ukakoma. Mwanya mrefu unaruhusu mkondo mkubwa zaidi kabla kelele haijaanza, ndiyo maana ushauri wa kukaribisha ni wa kukuharibia siku.

Ikabaki kutangatanga. Kaboni isiyo na kiini haina mahali tao linapopapenda, basi kishimo kinahama kutoka upande huu kwenda ule na picha inapata giza kona moja. Nikaamua kutengeneza kiini changu. Fundi kerezo alinitobolea chanya katikati, tundu la milimita 3, kina sentimita 5, kwa bei ya soda na maneno mazuri. Unga nikaupata kwa kupiga tupa kijiti kingine, nikauchanganya na sodiamu siliketi ile wanayonunua watengeneza sabuni, mpaka ukawa kama ugali mgumu, nikashindilia kwa msumari uliokatwa ncha. Nikaanika siku moja juani, nikajiona mjanja, nikawasha. Sekunde kumi hazikufika: maji yaliyobaki ndani yakawa mvuke, kiini kizima kikaruka kama risasi na kupiga kioo. Kidoa kipo mpaka leo.

Mara ya pili nilianika siku mbili, kisha nikazika kijiti kwenye kopo la mchanga juu ya jiko la mkaa, moto mdogo, kwa muda wa saa nne. Tangu hapo tao linakaa katikati kama limegongewa msumari. Sodiamu inatia umanjano kidogo, na volti zinashuka mbili tatu kwa sababu mvuke wake unapitisha umeme kwa urahisi. Vijiti visivyo na kiini navyo vipashe moto kabla ya kutumia. Unyevu wa pwani unaingia ndani na kuleta mripuko mdogo mdogo unaofanana na mfoko lakini siyo.

Upepo nao ni adui. Kusi ikiingia mlangoni, tao linafoka hata kwa ampea 27. Nilipunguza feni ya bomba la moshi ivute polepole. Usiizime kabisa, kwa sababu taa inatoa hewa ya sumu. Na usitazame tao bila kioo cha kuchomelea cha namba 12 au zaidi, labda kama unapenda kulala na mchanga machoni.

Kulitazama tao muda wote nako ni kazi, na dawa ni rahisi. Toboa ubavu wa boksi tundu la milimita 1, sentimita 10 kutoka kwenye tao, ubandike karatasi nyeupe sentimita 60 nje ya tundu. Tao lote linajichora juu ya karatasi, miguu juu, limekuzwa mara 6. Mwanya wa milimita 6 unaonekana 36, basi chora mistari miwili ya penseli yenye umbali huo. Kila dakika mbili hivi nasogeza chanya mpaka kivuli chake kirudi kwenye mstari, na ukingo wake ukianza kupata ukijani pale kwenye karatasi, napunguza ampea mbili kabla sikio halijasikia chochote.