Siku daktari wa akili aliniuliza mimi mwenyewe

Kwa miaka mingi kila nikipelekwa kliniki ya akili maswali yalikuwa yanaulizwa mtu mwingine. Naketi kando, alafu anaulizwa aliyenileta, analala? anakula? anaongea sana? anameza dawa? na mimi niko hapo hapo, nimeoga nimevaa vizuri, nasikia kila kitu. Mara nyingi ilikuwa bwanangu ama mama yake, na kuna siku ilikuwa kijana wa jirani juu hao wengine wote walikuwa wameenda matanga Siaya, na ni yeye aliulizwa, mtoto wa kidato cha tatu. Alijibu vizuri tu, simlaumu, lakini hiyo siku niliumia sana.

Hii ninataka kuwaeleza ilikuwa mwisho mwisho wa 2023, ile mvua ya El Niño ilikuwa imeanza na huku kwetu Nyamasaria ilikuwa matope tupu. Nilikuwa nimehamishiwa Russia, hiyo hospitali kubwa ya Jaramogi hapa Kisumu, watu bado wanaiita Russia juu Warusi ndio waliijenga. Bwanangu alikuwa kazini kwa hivyo nikaenda na mama mkwe. Mambo ya foleni na benchi sitaongea, mwenye ameenda hospitali ya serikali anajua.

Daktari alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, miwani ameining'iniza shingoni. Kabla hata tuketi vizuri mama mkwe alikuwa ashaanza, "Daktari, huyu msichana siku hizi ako sawa, lakini kuna siku anakuwa mkimya sana, na kanisa hataki kwenda." Daktari akamsikiza mpaka akamaliza, hakumkata maneno, alafu akamwambia, "Asante sana mama. Sasa naomba uniachie mtoto wako kidogo tuongee na yeye, nitakuita na nitakusikiza tena." Mama mkwe akaniangalia, akaangalia daktari, akachukua kikapu yake akatoka. Hakufurahi, ilionekana hata kwa mgongo.

Daktari akafunga faili. Akaniuliza, "Wewe mwenyewe unataka hizi dawa zikufanyie nini?"

Nilikaa hapo kama nimeulizwa hesabu. Bipola, ule ugonjwa wa akili wa kupandishwa juu kupita kiasi alafu kushushwa chini, niko nayo tangu nikiwa na miaka ishirini na kitu, nimelazwa, nimefungwa kamba kwa pikapu nikipelekwa hospitali, nimemeza kila kitu nilipewa, na hilo swali sikuwa nimewahi kulisikia. Mwishowe nikaanza na mikono, juu hiyo ndio ilikuwa karibu. Mimi ni fundi wa nguo, niko na cherehani yangu Kibuye, na tangu nianzishiwe dawa yangu ya bipola, inaitwa valproeti, mikono ilikuwa inatetemeka, si sana, tukisalimiana huwezi jua, lakini kutia uzi kwa sindano ilikuwa vita, nalamba uzi, nausokota, nakosa tundu, nalamba tena, mpaka naita mtoto wa mama mboga aje anitilie. Kule nilikuwa natibiwa mwanzo nilisema hiyo kitu nikaambiwa ni wasiwasi. Huyu aliniambia ninyooshe mikono mbele, akaniwekea karatasi juu ya vidole, na karatasi ikaanza kucheza, tukaiona sote wawili.

"Hii ni dawa," akasema. "Valproeti inaweza kufanya hivi. Na nywele je?"

Nikatoa kitambaa. Mambo ya nywele kutoka sikuwa nimemwambia, alijua tu. Hapo ndipo nilijua huyu naweza mwambia ile ingine yenye nilikuwa nimeficha hata bwanangu anadhani nimeisahau. Nikasema daktari, mimi nataka mtoto.

Akaacha kuandika. Akauliza kama natumia kitu cha kupanga uzazi, nikasema ndio, ile kijiti ya kuwekwa mkononi. Akauliza, "Aliyekuanzishia hii dawa alikuambia nini kuhusu mimba?" Nikasema hakuna. Akarudia tena polepole kama mtu anataka kuhakikisha, hakukuambia chochote? Chochote. Niliandikiwa ile mwaka nilioolewa, na pete ilikuwa kidoleni.

Akachukua karatasi akachora miduara kumi, akapaka mmoja wino. Wanawake kumi wakishika mimba wakimeza valproeti, mmoja hivi anazaa mtoto mwenye kasoro kubwa ya mwili, uti wa mgongo haujafunga, ama moyo uko na shida, ama mdomo umepasuka. Kwa wanawake wasiomeza ni kama wawili au watatu kati ya 100. Alafu akachora miduara ingine kumi, akapaka mitatu, wa nne akaupaka nusu. Hao ni wale watoto wanachelewa kuongea na kutembea, ama shule inawashinda, ama wanakuwa na autizimu, akasema ni 30 mpaka 40 kati ya 100. Na kitu ilinimaliza kabisa ni aliposema mgongo wa mtoto unafunga ndani ya zile wiki nne za kwanza, yaani wakati mama hata hajajua ako na mimba, kwa hivyo mambo ya kusema nikishika nitaacha hayaniokoi, na vidonge vya foliki, zile vitamini za wajawazito, nazo ni nzuri lakini hazifuti hiyo hatari. Akaniambia mwaka huo huo wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa taarifa kwamba hii dawa isitumiwe kwa wasichana na wanawake ambao bado wanaweza kuzaa.

Nilikasirika vile sijui niseme aje. Si kwake. Nilikuwa nafikiria ule mwezi mmoja nilichelewa, kabla niwekewe ya mkono, vile nilifurahi nikanyamaza nayo wiki nzima mpaka ikaja. Ningebeba hiyo mimba na tembe asubuhi na jioni, nikimeza kwa uaminifu, na hakuna mtu angekuwa ameniambia.

Nikamuuliza basi niache leo? Akasema hapana, na akainua mkono kabisa. Hii naiandika wazi juu najua kuna wadada watasoma hapa wako na hiyo dawa, ile wengi wanaijua kama Epilim, wengine wamepewa ya kifafa wengine ya akili kama mimi. Usiiache ghafla. Mwenye kifafa anaweza kuanguka vibaya hata afe, na mwenye bipola ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Enda uulize, taja neno mimba wewe mwenyewe kama yeye hataji, na endelea kupanga uzazi mpaka mpewe ingine na hii imalizike mwilini.

Alafu tukaongea za kubadilisha, na hii ndio sehemu niliipenda juu hakuniandikia, tulichagua. Akanieleza lithiamu, kwamba ni dawa ya zamani na ni nzuri sana kwa bipola, lakini lazima damu ipimwe kila mara kuona kiwango, unatolewa masaa 12 baada ya dozi ya jioni, na figo na tezi ya shingo pia zinaangaliwa, na hatari yake kwa moyo wa mtoto iko lakini ni ndogo kuliko vile watu walikuwa wanaogopa zamani. Nikauliza na mikono? Akasema ukweli, lithiamu nayo inaweza kutetemesha. Basi nikauliza ingine. Akasema kwetiapini, hiyo mikono itashukuru, lakini italeta usingizi mzito na njaa, utaongeza kilo, na sukari itapimwa. Nilifikiria sindano yangu nikasema nipe hiyo ya usingizi. Akasema sawa, tutaipandisha polepole huku hii ingine tunaishusha polepole, na ya mkono haitoki mpaka nikuone umekaa imara kwa miezi.

Kabla amuite mama mkwe akaniuliza, "Nimwambie nini, na nini kibaki kwetu?" Nikasema mwambie zote. Ningeweza kukataa na angenyamaza, nilimwona usoni kwamba angenyamaza.

Mama mkwe akaingia na kikapu yake, akaelezwa, akauliza swali lake moja kwa moja, huyo mtoto si atazaliwa na huu ugonjwa? Daktari akamwambia unaweza kutembea kwa familia mama, lakini watoto wengi wenye mzazi mmoja ako na bipola hawaupati. Alafu akasema hatari kubwa kwa huyu wako hata si wakati wa mimba, ni zile wiki za kwanza amezaa, hapo ugonjwa unarudi haraka sana, na kitu kinauvuta ni kukosa usingizi. "Kwa hivyo nakuuliza wewe mama. Usiku mtoto akilia, ataamka nani?"

"Si ni mama yake," mama mkwe akajibu.

"Huyu usingizi ni sehemu ya dawa yake."

Mama mkwe amelea watoto wanane na sijawahi mwona akikosa jibu. Akafikiria. Akasema, basi nitaamka mimi, lakini hiyo saa nane usiku nitampa nini, mimi sina maziwa. Daktari akacheka, akamwambia kuna ya kukamua na kuna ya mkebe, na hiyo tutaamua tukifika, pia tuangalie na dawa atakuwa anameza gani. Mama mkwe akauliza ikikamuliwa inakaa masaa mangapi kama hakuna friji. Wakaongea hiyo maneno ya maziwa muda mrefu, wawili hao, mtoto hata hajatungwa.

Kwa tuktuk ya kurudi alianza kupanga. Kitanda chake kitoke nyumbani kije kwetu, chumba cha cherehani ya pili kitolewe vitambaa, na kijana wake aambiwe leo leo asije akasema hayo ni mambo ya wanawake. Akanishika kidole akakiangalia. "Nyathina," yaani mtoto wangu kwa Kijaluo, "na hii kutetemeka mbona hukuniambia?" Nikamwambia nilikuwa nasema huko ndani, hakuna aliyekuwa anashika. Akatingisha kichwa mpaka tukapita Kibuye.

Jioni bwanangu alipoingia nilimkalisha nikamweleza mwenyewe kutoka mwanzo, ile karatasi ya miduara nikamfungulia juu ya meza, na mama yake akiwa jikoni anasonga ugali akawa anapaza sauti kila mahali nilipoharakisha, "mwambie ya wiki nne, mwambie pia ya usingizi, umeruka hapo."