Studio yangu ya sebuleni, Shangani Mtwara

Jamani kastudio kangu ka kupigia picha hatimaye kapo, sebuleni tu hapa Shangani, na kilichonisumbua sio kamera, ni dirisha. La kwetu linaangalia kusini, kwa hiyo mwezi wa 4 mpaka wa 8, jua likiwa upande wa kaskazini, halipigi ndani, mwanga unaingia laini kabisa na haudai umeme. Mtu namkalisha kwenye stuli kama mita moja toka dirishani, ubavuni kwake naegemeza kipande cha boksi nilichokibandika karatasi nyeupe ili kirudishe mwanga kwenye shavu lenye kivuli, nyuma shuka jeusi, lipige pasi maana mikunjo inaonekana vibaya mno! Lenzi 50mm, tundu la lenzi f/2.8, spidi ya shata sekunde 1/125, fokasi kwenye jicho la karibu, basi.

Mwanzo nilikuwa naacha taa ya sebuleni inawaka, sura zinatoka nusu njano nusu bluu, siku hizi nazima kwanza.

Juzi alikuja bibi jirani na kanga yake mpya, nikazoom kwenye mboni nikaona dirisha letu dogooo, jeupe, na nondo zake zote. Nimeichapisha hiyo, nampelekea kesho.