Kabla hujaituma picha ya reli ya Nachingwea

Reli ya Kusini haipo tena. Ilijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, kutoka pwani ya Lindi, baadaye na Mtwara, hadi Nachingwea. Mradi ukafa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Njia iliyochepuka Msagali kwenye Reli ya Kati kwenda Kongwa iliondolewa mapema zaidi. Kwa hiyo picha iliyobaki kwenye albamu ya gadi au fundi reli wa zamani ni ushahidi, na inauma kuiona ikizungushwa kwenye simu ikiwa imepigwa mshazari, flashi imeng'aa katikati, na hakuna anayejua ni stesheni gani.

Anza na mgongo wa picha. Jina la stesheni, mwaka, mhuri wa studio: mara nyingi vyote viko nyuma, kwa penseli iliyofifia. Skani pande zote mbili na uyape mafaili jina moja, kwa mfano nachingwea_014a na nachingwea_014b. Usiongeze maandishi ya kalamu ya wino. Wino hupenya hadi mbele. Kama picha imegandamana na kioo cha fremu, usiibandue. Iskani ikiwa ndani ya kioo chake, kwa sababu ukiivuta, tabaka lenye picha litabaki kwenye kioo.

Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inatosha nukta 600 kwa inchi. Utapata kama pikseli 2400 kwa 3600, na namba ya behewa itasomeka ukiikuza. Filamu ya milimita 35 ni ndogo, ipe nukta 3200. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, maana rangi ndiyo itakayokuonyesha doa la chai ni lipi na moshi wa injini ni upi. Zima kitufe kinachosafisha na kunoa picha chenyewe: programu hizo hufuta mikwaruzo, na waya wa simu ya reli kwao ni mkwaruzo tu. Nakala mama iwe TIFF, isiguswe. Za kugawa ziwe JPEG.

Kwenye WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha, inabanwa, na taarifa ulizoziandika ndani ya faili zinapotea.

Sasa utambuzi, na hapa ndipo makosa yanapojaa. Tazama herufi ubavuni mwa behewa au tenda, yaani gari la makaa na maji linalofuata injini. TR ni Tanganyika Railways, ya kabla ya Mei 1948, ingawa rangi ya zamani iliweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kupakwa upya. EAR ni East African Railways, shirika la reli la Afrika Mashariki lililofuata. TRC ni Tanzania Railways Corporation, ya kuanzia 1977, kwa hiyo haiwezi kuwa Nachingwea. Namba ya injini ya mvuke ya EAR ikiwa na tarakimu nne, mbili za mwanzo ni daraja lake: 5918 ni ya daraja la 59. Hizo ni Garratt, injini ndefu za mvuke zenye viungo, za tani zaidi ya 250, za njia ya Mombasa na Nairobi. Ukiziona, picha si ya Kusini hata kama mwenye albamu anaapa.

Pima pia upana wa njia kwa macho. Reli ya Kusini na njia ya Kongwa zote zilikuwa za mita moja. Kama mtu akisimama katikati vyuma vinakaribia kumbana miguu, hiyo ni njia ya toroli za mashamba ya mkonge, ambayo kwa kawaida ilikuwa ya milimita 600.

Herufi zikisomeka kinyume, filamu iliwekwa upande wa nyuma mbele. Igeuze kabla hujatafuta mahali. Kisha fungua picha za satelaiti. Tuta la reli hupinda polepole kwa mamia ya mita, barabara ya kijijini hukata kona ghafla, na tofauti hiyo inaonekana hata pale shamba la korosho lilipomeza kila kitu. Ukipata mahali, andika viwianishi pamoja na upande kamera ilikotazama.

Kwenye maelezo, tenga mistari miwili: kilichoandikwa nyuma ya picha, neno kwa neno, na unachokisia wewe. Vikichanganywa, baada ya kutumwa mara tatu kisio lako litakuwa ukweli. Omba ruhusa ya familia kwanza, hasa pale nyuso zinapotambulika.

Filamu ikianza kunuka siki, itenge na nyingine na uiskani siku hiyohiyo. Asetati, plastiki ya filamu hizo, ikioza hutoa tindikali inayoharibu na zilizo jirani, hujikunja, na ikishajikunja skana haiwezi tena kuilaza sawa.