Siku yangu moja kituoni: mvua napima, lawama nabeba

Saa 10:40 alfajiri. Nkuhungu, hapa Dodoma, bado giza. Ni Januari, kwa hiyo kabla hata ya kunawa uso natoka uani kutazama juu. Nyota zinaonekana upande wa magharibi, mashariki kumeziba. Ardhi imelowa, usiku imenyesha vizuri.

Bodaboda wangu ananiuliza swali lake la kila siku: "Dada, leo inanyesha?" Namjibu kama ninavyomjibu siku zote, kwamba mimi si mtabiri. Mimi ni mpimaji wa hali ya hewa. Ni kazi mbili tofauti, na watu wengi hawajui. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Saa 11:50. Nafungua kile kibanda cheupe cha mbao kinachowafanya wapita njia wadhani tunafuga nyuki. Ndani kuna vipimajoto viwili, kimoja kikavu, kingine kimevikwa kitambaa chenye maji. Tofauti ya namba zao ndiyo inayonipa unyevu wa hewa. Halafu mgandamizo wa hewa, upepo, na mawingu, ambayo nayakadiria kwa macho kwa kuligawa anga mafungu manane. Saa 12 kamili taarifa inaondoka. Saa hiyohiyo wenzangu wa Bukoba, wa India, wa Brazil ambako bado ni usiku wa manane, nao wanasoma vipimo vyao. Kompyuta zinazokokotoa utabiri huanzia kwenye namba hizi. Kwa hiyo sisomi kwa kubahatisha, hata nikiwa na usingizi.

Saa 3 asubuhi ndiyo saa ninayoipenda, saa ya mvua. Kipima mvua chetu ni chombo cha chuma chenye mdomo wa mm 127, kimesimama sentimita 30 kutoka ardhini. Namimina maji kwenye bilauri yenye mistari, nachuchumaa mpaka jicho liwe sawa na maji. Milimita 23.4. Kila milimita moja ni lita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba. Kwa Dodoma, ambayo mwaka mzima hupata kama mm 550 hadi 600, na karibu zote kati ya Novemba na Aprili, huo ni usiku mmoja wa baraka. Niliandika ile namba nikiwa na furaha moyoni.

Furaha ilidumu hadi saa 4 na nusu hivi.

Alikuja mzee mmoja, ametoka upande wa Mvumi kwa basi la asubuhi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akakaa, akaweka mezani mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na miche ya uwele iliyong'olewa, imekauka mpaka mizizi.

"Nyie ndio watu wa mvua?"

Nikasema ndiyo, kwa namna fulani.

"Mwanangu, hii ni mbegu ya mara ya pili. Ya kwanza nilipanda kavu, Desemba, ikaota, jua likaimaliza. Nikasema sasa nitasikiliza redio. Redio ikasema mvua na ngurumo. Nikapanda. Ng'ambo ya korongo kwa shemeji yangu imenyesha mara mbili. Kwangu hata vumbi halijatulia. Kwa nini mlinidanganya?"

Sikumjibu haraka. Nilimtafutia taarifa ya siku aliyoitaja, nikamsomea yote: mvua na ngurumo katika maeneo machache, na vipindi vya jua. Akanitazama. "Sasa mimi naishi kwenye maeneo machache au mengi?"

Nilijitahidi. Nilimweleza kwamba kitu kikubwa huonekana mapema, kama kile kimbunga Hidaya cha Mei 2024, ambacho watu wa pwani walitahadharishwa kabla hakijafika. Lakini mvua zetu huku kati nyingi hutoka kwenye wingu moja la radi lenye upana wa kilomita chache, linalojengeka mchana kwa joto, linamwaga, na baada ya saa moja au mbili limekwisha. Tunaweza kujua kuwa hewa ya leo ina unyevu wa kutosha kuzaa mawingu hayo. Ni korongo gani litapata na lipi litakosa, hilo hatulijui.

"Kwa hiyo hamjui."

"Hatujui ni shamba la nani, mzee."

Akanyamaza. Nami nilisikia uchovu wa ghafla, kwa sababu najua "maeneo machache" ni maneno sahihi kabisa na bado hayakumsaidia chochote. Sisi tunayatoa, mtangazaji anayapitia haraka, msikilizaji anabaki na neno mvua peke yake. Hapo tunakosea. Mtu anauza kuku anunue mbegu kwa sentensi ambayo hakuna aliyemfafanulia.

Saa 6 ilipokaribia nikamwomba anisubiri chini ya mwarobaini. Hakusubiri, akanifuata hadi kwenye vipimo. Akakiinamia kipima mvua, akauliza taratibu: "Kopo kama hili, kijijini kwetu lipo?"

Nikasema sijui la karibu nao.

"Basi mnajuaje kama nilipata au nilikosa?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake, na sitaki kujifanya ninalo. Mvua isiyopimwa haimo kwenye daftari lolote. Nikamwonyesha ninachoweza: achukue kopo lililonyooka pande zote, juu na chini sawa, aliweke peupe mbali na miti na mabati, apime kina kwa rula kila saa 3 asubuhi, aandike na tarehe. Aandike hata sifuri.

"Sifuri ninazo nyingi," akasema, akakunja mfuko wake.

Mchana sikumbuki vizuri mpangilio wake. Chai sikunywa. Simu zilikuwa nyingi. Mmoja ana harusi Jumamosi, anataka uhakika. Mama mmoja ana tofali mbichi elfu mbili uani na anaomba isinyeshe kabla hajazichoma, nikamwambia azifunike leo leo. Mwingine alinitukana tu, akakata. Saa 9 nikasoma tena, joto limepanda, mawingu yameanza kuvimba kusini.

Saa 12 jioni miguu inauma. Natoa kadi ya jua, ile karatasi ambayo mpira wa kioo huichoma mstari kadiri jua linavyosafiri. Leo imeungua hadi saa 8, kisha ikakatika. Upepo umegeuka, una ubaridi na harufu ya udongo uliolowa.

Mwenzangu wa zamu ya usiku kafika, lakini nimesimama kwanza. Kusini-mashariki, upande wa Mvumi, kuna wingu jeusi lenye kichwa bapa na radi zinawaka ndani yake. Mzee bado yuko njiani, na kopo halijawekwa. Nimeandika kwenye daftari nilichokiona: radi, kusini-mashariki, saa 12:20, mvua kituoni hakuna.