Siku yangu moja kwenye kituo cha utafiti wa ziwa, Kisumu

Saa kumi na moja alfajiri nishaamka, sababu ziwa letu la Victoria asubuhi ndio limetulia, ikifika mchana upepo unavuma kuja nchi kavu na boti yetu inarushwa vibaya. Watu wakisikia utafiti wa majini wanawaza Mombasa na meli. Sisi huku tuko na boti ya faiba na injini moja, ikigoma siku imeenda.

Saa kumi na mbili na nusu gugumaji lilikuwa limeziba bichi yote, mimi na jaduong' (mzee wetu) nahodha tukalisukuma na miti karibu nusu saa ndio tukatoka.

Saa mbili tuko pointi ya kwanza, Ghuba ya Winam. Nikateremsha sahani ya Secchi, hiyo ya sentimita 20 yenye rangi nyeusi na nyeupe, unasoma kina pale inapopotea machoni, na leo ilipotea hata mita moja haijafika, mwani mtupu. Mita ya oksijeni nayo unaishusha polepole na unangoja namba itulie, usiharakishe hapo, kwa sababu oksijeni ikiisha wenye vizimba vya kufugia samaki ziwani ndio wanaumia, samaki wa kizimbani hana pa kukimbilia.

Saa tano maabara. Chupa za mwani nikaweka Lugol, dawa ya iodini ya kuhifadhi mwani usiharibike, mpaka zikawa rangi ya strungi. Maji mengine nikachuja, karatasi za kuchujia nikazifunga kwa foili na kuzitia friza haraka, maana mwanga na joto vinaharibu ile rangi ya kijani tunayopima.

Saa saba chakula, nyoyo ya mahindi na maharagwe, chapchap.

Saa nane nikaingia stoo ya samaki wa kwenye chupa, na hapo ndipo roho yangu iko. Kuna fulu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wa miaka mingi, lebo zimeandikwa kwa penseli kwa sababu wino unafutika ndani ya spiriti. Mbuta, samaki mkubwa anayekula wenzake, aliletwa ziwani miaka ya 1950, alipozidi miaka ya 1980 aina nyingi za fulu zikapotea, kwa hivyo kuna samaki humo sijawahi kumwona kwenye wavu hata siku moja. Vifuniko vinavuja, spiriti inapungua, najazia moja moja. Inaniuma sana kwamba pesa ya mashine mpya hupatikana, lakini ya spiriti na vifuniko hakuna anayeiweka kwenye bajeti.

Saa tisa na nusu stima ikapotea na jenereta haina dizeli. Nikakimbia kwa mama anayeuza barafu kwa wachuuzi wa samaki, akaniambia, "Beba tu nyathina (mtoto wangu), pesa utaleta kesho." Barafu nikaipondaponda nikachanganya na chumvi, hivyo inashuka baridi kuliko barafu tupu, nikazika zile foili ndani ya mfuko wa plastiki, nikafunga kulabox na kukaa nayo hapo hapo.

Stima ilirudi saa mbili usiku. Nikahesabu foili nikizirudisha friza, zote 12 ziko, zimeganda, hakuna iliyolowa.