Vigae vya Kanton, mbao za msaji: seremala wa Unguja ndani ya masinagogi ya Kochi

"Nenda ukatembee, mwanangu. Ukikaa hapa unanihesabia pumzi, kidonda hakitapona upesi zaidi."

Mama aliniambia maneno hayo siku ya sita baada ya upasuaji wake wa moyo. Tulikuwa Kochi, jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Tulitoka Unguja tukapitia Maskati, na tangu tufike sikuwa nimeona kitu zaidi ya ukumbi wa hospitali, duka la dawa na chumba tulichokipanga ng'ambo ya barabara. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akiuguzwa na kaka yake, mzee wa Kimalayali. Aliponiuliza kazi yangu, nikamwonyesha viganja. Akaviangalia, akacheka, akaniambia seremala asiondoke Kochi kabla ya kuingia sinagogi la Mattancherry.

Kwa pupa yangu nikaenda Jumamosi. Nilipanda boti ya abiria kutoka Ernakulam, halafu bajaji, nikashuka kwenye kichochoro cha mtaa unaoitwa Jew Town. Harufu ya karafuu, hiliki na tangawizi kavu ilinipokea kabla sijalipa nauli, moyo ukaenda nyumbani. Mlango wa sinagogi ulikuwa umefungwa. Sabato. Nilipaswa kulijua hilo. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe anajua kwamba siku ya watu ya ibada si siku ya kuwagongea. Nikakaa nje nikiutazama mnara wa saa uliojengwa karne ya 18 na Ezekiel Rahabi, tajiri wa Kiyahudi aliyefanya biashara na kampuni ya Waholanzi. Saa yake ina tarakimu za maandishi matatu: Kiebrania, Kirumi na Kimalayalam, lugha ya Kerala. Mtu wa mjini, mtu wa sinagogi na mtu wa meli, kila mmoja anausoma wakati kwa herufi zake. Nilikaa pale mpaka jua likanifukuza.

Nilirudi Jumapili asubuhi. Unavua viatu mlangoni. Jambo hilo dogo lilinituliza, maana nilikuja na wasiwasi wa mgeni asiyejua adabu za nyumba, na hapo nikaona adabu ya kwanza ninaijua tangu utotoni. Nikaingia pekupeku, nyayo zikaguswa na ubaridi.

Sakafu nzima ni vigae vya kauri, vyeupe, vilivyochorwa kwa mkono kwa rangi ya buluu. Vilitoka Kanton, China, vikapakuliwa hapa karne ya 18, naye Rahabi huyo huyo ndiye aliyeviweka. Ni zaidi ya 1,000, na wenyeji wanasema hakuna viwili vinavyofanana kabisa. Nilichuchumaa nikavijaribu. Nilichukua viwili vilivyopakana, vyote vina mti wa matawi yanayoning'inia. Kwenye cha kushoto brashi imepita moja kwa moja. Kwenye cha kulia imetua mahali, labda mchoraji alivuta pumzi au aliitwa, na buluu ikavimba ikawa doa dogo kama mbegu ya mpapai. Nililigusa doa lile kwa kidole cha mguu. Mtu yule hakujua kazi yake inakwenda kukanyagwa wapi.

Wanasimulia pale kwamba vigae hivyo viliagizwa kwa ajili ya kasri la Raja, mfalme wa Kochi, na kwamba Wayahudi walimnong'oneza kuwa vimetengenezwa kwa damu ya ng'ombe, naye Mhindu asingeweza kuvikanyaga, akawaachia. Ni hadithi ya kusimuliwa barazani. Mimi nilifikiria zaidi makaburi ya Kunduchi na lile la nguzo la Mambrui, ambako wazee wetu walipachika bakuli za China kwenye chokaa. Bahari ni moja na meli zilibeba bidhaa zile zile. Sisi tuliziweka ukutani juu ya marehemu, wao wakazitandika chini ya miguu ya waumini.

Jina la sinagogi ni Paradesi, yaani la wageni. Lilijengwa mwaka 1568 na Wayahudi ambao wengi wao asili yao ni Hispania na Ureno walikofukuzwa. Raja wa Kochi aliwapa kiwanja ubavuni mwa kasri lake, karibu na hekalu lake mwenyewe. Wareno walilivunja sehemu mwaka 1662. Mwaka uliofuata Waholanzi waliuteka mji, likatengenezwa upya. Kuta ni nene, zimepakwa chokaa, madirisha marefu yana milango ya mbao. Ukifumba macho ukanusa, unaweza kudhani uko katika nyumba ya zamani ya Shangani baada ya mvua.

Katikati ya chumba imesimama mimbari, wenyewe wanaiita teva. Ni jukwaa la kupanda hatua chache, limezungushiwa vijiti vya shaba vilivyokerezwa. Hapa nilitumia nusu saa. Kukereza shaba si kama kukereza mbao: mbao ukikosea unapiga msasa, shaba ukikosea kosa linang'aa. Nilivipima kwa shubiri, kwa mbali, bila kugusa, na macho yangu hayakuona kijiti kilichokwenda upande. Juu ya vile vijiti pamepita reli ya shaba iliyolainishwa na mikono ya watu, si na tupa. Mahali mikono inaposhika zaidi, mng'ao wake ni mwingine.

Mabenchi hayakupangwa kutazama mbele kama kanisani. Yanaizunguka mimbari, yameegemea kuta, watu wanatazamana na msomaji yuko kati yao. Ukutani upande wa magharibi, nyuma ya pazia, liko kabati la Taurati la mbao za kuchonga, limetiwa rangi na dhahabu. Magharibi ndiko iliko Yerusalemu ukiwa Kochi. Nikageuza kichwa kidogo kaskazini nikatafuta kibla yangu, nikaona kwamba mimi na wao tungesimama karibu upande mmoja. Ndani ya kabati misahafu yao haivikwi nguo kama ya Wayahudi wa Ulaya, bali inakaa katika makasha magumu ya duara yanayofunguka kama mlango wa pande mbili, na juu yake huwekwa taji.

Halafu inua macho. Dari imejaa taa. Vinara vikubwa vya kioo kutoka Ubelgiji, na baina yake taa za mafuta zilizotundikwa kwa minyororo, za kioo cheupe, chekundu, kijani, kila moja kwa urefu wake. Zamani zilitiwa mafuta ya nazi. Fundi wa leo angezipanga kwa mstari na kuziharibu. Pale zimening'inia kama matunda, na mwanga wa dirishani ukizipitia unashuka kwenye vigae vyeupe ukiwa na rangi.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni mimbari ya pili. Iko juu, kwenye roshani, nguzo mbili zimeibeba. Ni desturi ya Wayahudi wa Kerala: siku za Sabato na sikukuu Taurati husomwa kutoka huko juu. Nyuma yake, kwenye roshani hiyo hiyo, walikaa wanawake, nyuma ya kiambaza cha mbao chenye matundu. Kwa hiyo siku iliyo tukufu sauti ilitoka kando kabisa ya wanawake, na wanaume waliokuwa chini ndio waliolazimika kuinua shingo. Seremala aliyeifanya ile roshani alibeba uzito wa watu na wa sauti kwa pamoja. Nilitamani nione viungo vyake kwa chini, nione boriti zimekamatana vipi, lakini vimefunikwa kwa mbao safi na mlinzi alikwishaanza kunitazama.

Kabla ya kuingia ukumbini unapita chumba cha mbele, azara. Nilikipita mara ya kwanza bila kukijali. Baadaye ndipo niliposoma habari zake, nikarudi nikasimama tena. Kulikuwa na Wayahudi ambao wazee wao walikuwa watumwa walioachwa huru. Katika sinagogi hili hawakuhesabiwa sawa na wengine. Walikalishwa huku nje au chini sakafuni, wala hawakuitwa kusoma Taurati. Mtoto wa jamii hiyo, A. B. Salem, alisoma sheria akawa mwanasheria, akapigana na ubaguzi huo kwa njia ya Gandhi, kwa kukataa bila kupiga. Vizuizi vilianguka kimoja kimoja, na leo kuna barabara Mattancherry yenye jina lake. Alifariki mwaka 1967. Mimi ni mtu wa Unguja. Najua kisiwa ambacho nasaba ilimpangia mtu baraza gani akae na baraza gani apite ameinamisha kichwa. Kizingiti kile kati ya azara na ukumbi ni ubao mmoja tu, unavukwa kwa hatua moja. Nilivuka, nikarudi, nikavuka tena, na nilihisi uchungu ambao sikuutarajia.

Mwaka uliofuata kifo cha Salem, 1968, sinagogi lilitimiza miaka 400, waziri mkuu Indira Gandhi akaja na India ikatoa stempu. Lakini wakati huo wengi wa Wayahudi wa Kerala walikwishahamia Israeli, hasa katika miaka ya 1950. Hawakufukuzwa. Walikwenda kwa mapenzi yao, wakaacha nyuma majengo.

Siku iliyofuata nikaenda kuyatafuta hayo majengo. Pale pale Mattancherry, mwendo mfupi kwa miguu, liko lililokuwa sinagogi la Kadavumbhagam, la Wayahudi wa Malabari, waliokuwa Kerala karne nyingi kabla ya Paradesi. Baada ya watu kuondoka lilifanywa ghala, na mwaka 2019 mvua iliangusha sehemu yake ya mbele. Nilikuta ukuta na majani. Dari yake ya kuchonga haikuanguka nayo, kwa sababu ilikwishafunguliwa vipande vipande na kupelekwa Yerusalemu, ambako tangu mwaka 1995 inaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Israeli. Ernakulam nako, sokoni kabisa, unaingia sinagogi jingine kwa kupita katikati ya miche ya maua na matangi ya samaki wa mapambo; chumba cha mbele ni duka, na nyuma yake umejificha ukumbi mzuri wenye nguzo. Mlezi wa jengo ameishi hivyo miaka mingi, duka linalisha jengo na jengo linalinda duka. Nilinunua mche wa basili ambao nilijua sitaruhusiwa kuupandisha ndege, nikauweka dirishani kwa Mama.

Parur ni mbali zaidi, basi lilichukua zaidi ya saa moja. Sinagogi la huko, la mwaka 1616, limekarabatiwa na serikali ya Kerala na sasa ni makumbusho. Ni jengo refu: unapita lango, halafu ujia uliopangwa nguzo pande zote mbili, halafu azara, ndipo ukumbi. Yule aliyelipanga alitaka mtu apunguze mwendo kabla ya kufika, na kweli nilipunguza. Mbele kuna kabati la Taurati. Nililisogelea, nikajua kabla ya kusoma kibao: jipya. La asili liko Yerusalemu pamoja na ile dari ya Kadavumbhagam. Mafundi wa sasa wamejitahidi, mistari imenyooka, maua yameenea, ila patasi zao zimekwenda kwa woga, kama mtu anayenakili mwandiko wa mwingine na hataki kukosea herufi.

Hapo nilikaa sana. Kwetu nimeona milango ya nakshi iking'olewa kwenye nyumba za Mji Mkongwe na kuuzwa, ikaenda kupamba hoteli na majumba ya watu wasioijua. Mimi mwenyewe nimewahi kuitwa niung'oe mmoja, nikakataa, na mwenye nyumba akamwita fundi mwingine. Nilipofika Parur nilikuwa tayari kukasirika. Hasira haikuja. Mlango wa Unguja hufuata pesa ya mnunuzi. Kabati la Parur limewafuata wenyewe. Wajukuu wa watu waliosali mbele yake wako huko lilikokwenda, wanaweza kupanda basi siku moja wakalione. Kilichonihuzunisha ni kigae kilichobaki, roshani iliyobaki, ujia wenye nguzo uliobaki, vitu visivyoweza kufunguliwa na kutiwa sandukuni.

Jioni nilimsimulia Mama kila kitu. Alikuwa ameketi, kwa mara ya kwanza bila mto mgongoni, mche wa basili ukinukia dirishani. Nilimchorea mimbari mbili nyuma ya karatasi ya dawa, moja chini na moja juu, akaifurahia ile ya juu, akasema wanawake wale walipata mahali pazuri pa kusikilizia.

"Na wenyewe bado wanasali humo?"

Nikamweleza kwamba sala yao ya jamaa inataka wanaume 10, na kwamba Mattancherry wenyeji waliobaki hawafiki idadi hiyo. Wanangoja Wayahudi wenzao wapitao safarini waje watimize.

Alinyamaza kitambo, akakunja ile karatasi akaiweka chini ya mto.

"Na zile taa, nani anazifuta vumbi?"

"Sikuuliza, Mama."

"Basi kesho ukamwulize," akasema, akafumba macho.